Fielder ya 1NZ au ya 2NR? Injini ya zamani na mpya kwa mnunuzi wa Nakuru

Kwenye yadi za magari Nakuru siku hizi, Toyota Fielder mbili za umbo moja zinaweza kusimama bega kwa bega usijue ipi ni ipi hadi ufungue boneti usome kibati cha chesi. Moja imeandikwa NZE161. Nyingine NRE161. Iliyobadilika ni herufi moja tu, lakini Z ikiwa R, injini si ileile tena: ya kwanza ina 1NZ-FE, ya pili ina 2NR-FKE.

Ile ya Z kwa kawaida imeshazunguka Kenya miaka kadhaa, ina namba ya usajili inayoanza na KC au zile KD za mwanzo. Ile ya R ndiyo inayoshuka Mombasa sasa. Toyota iliacha kuweka 1NZ kwenye Fielder ya kawaida ya CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia) mwaka 2015, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyoingia ni ya 2018 kuja mbele. Kwa hiyo anayetaka 1NZ katika umbo hilo anunue iliyo nchini tayari, na anayetaka gari lililotoka melini ataletewa 2NR, apende asipende.

Ukimuuliza fundi, jibu unalijua kabla hajalitoa: "Boss, chukua hiyo 1NZ. Hiyo ni chuma. Hizi mpya zimetengenezwa kuuza spea." Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila haujakamilika, na pale ulipopungukia ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kwanza tuziweke pamoja:

| | 1NZ-FE (NZE161) | 2NR-FKE (NRE161) |
|---|---|---|
| Ujazo | karibu cc 1,500 | karibu cc 1,500 |
| Nguvu za farasi | takriban 109 | takriban 109 |
| Upana wa silinda × mwendo wa pistoni | mm 75 × 84.7 | mm 72.5 × 90.6 |
| Kompresheni | 10.5 kwa 1 | 13.5 kwa 1 |
| Taimingi | cheni | cheni |
| Nozeli za petroli | kwenye njia ya hewa | kwenye njia ya hewa |
| Kinachosogeza taimingi ya valvu za kuingiza hewa | presha ya oili | mota ya umeme |
| Kurudisha moshi ndani (EGR) | haina | inayo, na moshi hupozwa kwanza |

Tazama mstari wa nguvu. Miaka kumi na tano ya kazi ya wahandisi, na farasi ni walewale. Mtu akikuambia ile mpya "ina nguvu zaidi," huyo hajasoma karatasi. Kilichobadilika ni namna petroli inavyochomwa, na hapo ndipo penye hadithi yote.

Kama 1NZ ilikuwa nzuri, iliondolewa kwa nini?

Swali hili linawakera wengi, na tukilitazama kwa macho ya mnunuzi wa Nakuru hatulipati jibu. Sisi tunalinunua gari likiwa na miaka saba au minane. Toyota haikuwa inatuuzia sisi. Ilikuwa inamuuzia mtu wa Nagoya au Osaka anayelichukua jipya kabisa, analitumia miaka michache, kisha analiachilia liende mnadani. Mtu huyo amezungukwa na mambo ambayo huku hayatufikii. Serikali ya Japani imeweka viwango vya matumizi ya mafuta ambavyo kila kampuni lazima ivifikie, na tangu 2009 gari linalokula kidogo linapunguziwa kodi. Modeli ikibaki nyuma ya kiwango, punguzo linapotea, na mteja anahamia duka la jirani.

Ulaya wamekaza zaidi. Lengo lililoanza kubana 2020 na 2021 lilikuwa wastani wa gramu 95 za hewa ya ukaa kwa kilomita, na kampuni ikizidisha inatozwa yuro 95 kwa kila gramu iliyozidi, kwa kila gari jipya. Piga hesabu ya kampuni inayouza magari milioni moja ikazidisha gramu mbili tu: yuro milioni 190. Baada ya kuiona namba hiyo, hakuna mhandisi atakayesimama kikaoni kuitetea injini ya zamani eti itafika kilomita laki nne mikononi mwa dereva wa Njoro.

Basi wakafanya nini? Ujazo waliuacha ulivyo, wakabadilisha umbo. Silinda ya 2NR ni nyembamba kuliko ya 1NZ na pistoni yake inasafiri mbali zaidi. Silinda ya namna hiyo ina eneo dogo la ukuta pale petroli inapowaka, kwa hiyo joto kidogo zaidi linaishia kwenye maji ya rejeta na sehemu kubwa inabaki kusukuma pistoni. Subaru walifuata njia hiyohiyo. EJ20, ile ya tangu 1989 ambayo vijana wa Nakuru wanaitambua kwa mlio kabla hawajaliona gari, ilikuwa na silinda ya mm 92 na mwendo wa mm 75. FB20 iliyokuja 2010 ni mm 84 kwa 90. Unapoona kampuni mbili ambazo hazifanani hata kwa mpangilio wa silinda zikielekea upande mmoja, tafuta sababu kwenye fizikia na kodi kabla hujaitafuta kwenye hila.

Jambo la pili ni kompresheni. Kadiri mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa, ndivyo unavyotoa kazi zaidi ukiwaka. Shida ni kwamba ukibana mno, injini inagonga, yaani mchanganyiko unajilipua wenyewe kwa wakati usiofaa. Kwenye 2NR wakazunguka tatizo hilo kwa njia mbili. Valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, pistoni inapoanza kupanda sehemu ya hewa inarudi ilikotoka, kwa hiyo mbano halisi ni mdogo kuliko unaoandikwa kwenye karatasi, lakini moto ukishawaka pistoni inashuka mwendo wote. Ili kuichelewesha valvu kwa usahihi hata injini ikiwa ya baridi na oili bado nzito, kazi hiyo wakaiondoa kwenye presha ya oili wakaipa mota ya umeme. Njia ya pili ni kuchukua sehemu ya moshi wa ekzosi, kuupoza kwa maji ya injini, na kuurudisha ndani uchanganyike na hewa mpya. Moshi hauna oksijeni ya maana, kwa hiyo moto unapoa na kugonga kunapungua.

Injini ya cc 1,300 ya familia hiyohiyo, yenye kompresheni hiyohiyo, Toyota iliitangaza 2014 ikisema inageuza hadi asilimia 38 ya nishati ya petroli kuwa kazi. Kwa injini ya petroli ya gari dogo, hiyo ni kazi nzuri sana. Sioni sababu ya kuidharau kwa kuwa tu imetufikia ikiwa mtumba.

Ila kila hatua hapo juu imeongeza kitu kinachotaka kutunzwa: mota, valvu ya moshi, kipozeo cha moshi, vijia vyembamba vya oili. 1NZ haina vitu hivyo, na kisichokuwepo hakiharibiki. Huo ndio ukweli ulio ndani ya maneno ya fundi.

Lakini ile habari ya "kuuza spea"?

Siikubali, na nina mashahidi wawili, wote ni magari unayoyaona kila siku.

Shahidi wa kwanza ni Land Cruiser ya 1HZ, ile ya dizeli ya silinda sita, cc 4,164, iliyoanza 1990. Pampu yake ni ya kimakanika na dizeli yake haitawaliwi na kompyuta. Land Cruiser nyingi za polisi na za mashirika zinazopanda kuelekea Baringo na Turkana ni hizo. Ingekuwa Toyota inachukia injini inayodumu, hiyo ingekuwa ya kwanza kuzikwa. Badala yake, inauzwa Afrika ikiwa mpya hadi leo. Iliondolewa Japani na kwingineko ambako sheria za moshi haziikubali. Australia, kwa mfano, waliwekewa V8 mwaka 2007, na miaka ya karibuni wakaletewa 1GD ya silinda nne.

Shahidi wa pili ni Probox. Toyota ilipoifanyia mabadiliko makubwa 2014, ile ya cc 1,500 ilibaki na 1NZ-FE. Ni kampuni ileile, miaka ileile. Fielder ni gari la familia linalouzwa kwa kutajiwa kilomita kwa lita, likapewa injini mpya. Probox ni gari la kazi linalonunuliwa kwa bei, likaachiwa ya zamani. Kwa hiyo anayetaka 1NZ ambayo haijaguswa na barabara za huku bado anaweza kuiagiza, mradi akubali kiti cha Probox na kelele zake. (Mimi nakubali. Mke wangu hakubali.)

Sisemi kampuni hizi ni za huruma. Wanapunguza chuma ili gari liwe jepesi, wanauza kitu kizima pale ambapo zamani uliuziwa kipande, na wanaandika oili nyepesi kama maji, 0W-20 na hata 0W-16, kwa sababu oili nyepesi inaokoa petroli. Nafasi ya kukosea inazidi kuwa ndogo. Injini ya zamani ilisamehe. Mpya inasamehe kidogo.

Chuma huwa chuma baada ya miaka ishirini

Kuna jambo ambalo wazee wa gereji hawapendi kukumbushwa. 1NZ yenyewe iliingia kwenye Corolla mwaka 2000, ile NZE121, ikachukua nafasi ya 5A-FE, ambayo bloku yake ilikuwa ya chuma kitupu. Ya 1NZ ni alumini yenye ganda jembamba la chuma ndani ya silinda. Silinda za 5A zikilika, unachonga, unaweka pistoni kubwa kidogo, maisha yanaendelea. Ganda la 1NZ halikukusudiwa kuchongwa. Kwa macho ya wakati ule, iliyokuwa injini ya kutumia na kutupa ni hiyohiyo 1NZ inayosifiwa leo.

Kilichobadilika ni kwamba mafundi wameizoea. Koili zake wanazijua, spea ziko kila duka kuanzia Nakuru hadi Kibuye kule Kisumu, na injini nzima ya kutoka Japani inapatikana bila kuagiza. Tena tunazozikumbuka ni zilizopona. Hata Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally 1975 na kubeba abiria wa Kisumu kizazi kizima, inasifiwa na watu ambao hawataji ngapi zilivutwa kwa kamba kutoka Mau Summit.

Na kuna mpya zilizokuja kuondoa aibu ya za zamani. Volkswagen walikuwa na injini ndogo za TSI za familia ya EA111 ambazo cheni yake ilikuwa inalegea. EA211 iliyofuata 2012 inatumia mkanda wa taimingi, na sifa ya injini ikapanda. Upande wa pili, PureTech ya cc 1,200 ya Peugeot ililetwa na mkanda unaozunguka ndani ya oili, mkanda ukawa unachakaa na uchafu wake kuziba njia za oili. Ukisikia "mpya" au "zamani" peke yake, hujaambiwa kitu. Uliza kilichobadilika ni kipi.

Zinaharibika vipi

Tuanze na 1NZ iliyo Kenya tayari. Tatizo kubwa la gari hilo ni maisha liliyoishi. Ringi za oili za injini hii ni nyembamba, na oili ikichakaa zinanasa kwenye mitaro ya pistoni. Hapo inaanza kula oili taratibu, bila taa yoyote kuwaka. Mwenye gari anaongeza lita moja, anaongeza nyingine, kisha anaamua kuuza. Anayenunua ni wewe.

Maji nayo yana lake. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye madini mengi, floridi ikiwa maarufu zaidi. Mtu anayemimina maji ya kisima kwenye rejeta mwaka hadi mwaka anajenga ukoko wa madini ndani ya vijia vya injini. Fungua kifuniko cha rejeta gari likiwa la baridi. Ukikuta maji ya rangi ya kutu badala ya kulanti ya waridi au nyekundu, ujue gari hilo lina historia ambayo hutaambiwa. Injini ya alumini ikichemka kupita kiasi hata mara moja, gasketi ya silinda hedi unaweza kubadilisha, lakini kama hedi imepinda utabadilisha tena na tena.

Sasa 2NR. Kwenye gereji moja ya Shabab kulikuwa na NRE ya mwalimu wa Njoro inayotetemeka ikisimama na kuwasha taa ya injini. Fundi alishaipima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akaiendea valvu ya EGR moja kwa moja. Ilipotoka ilikuwa imevaa masizi meusi yenye unyevu wa mafuta, mazito kiasi kwamba valvu haikai kwenye kiti chake. Moshi uliotakiwa kurudishwa gari likiwa kwenye mwendo ulikuwa unapenya hata likiwa limesimama. Akailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, akashika mswaki.

"Mwalimu, injini yako haina ubaya. Oili ulimwaga lini?"

"Si nilimwaga mwezi wa nne?"

Fundi hakubishana. Alichomoa kadi ya oili iliyoning'inia karibu na boneti, akampa aisome mwenyewe. Kadi ilikuwa imepitwa kwa kilomita elfu saba.

Hiyo ndiyo sura ya 2NR. Haifi ghafla. Inajaa uchafu pole pole pale oili inapocheleweshwa na safari zinapokuwa fupi: nyumbani Section 58, shule, soko, nyumbani, injini haijapata joto kamili hata mara moja. Kitu kimoja cha kuifariji: nozeli zake ziko kwenye njia ya hewa kama za 1NZ, petroli inaosha migongo ya valvu. Injini nyingi mpya zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazina bahati hiyo, na valvu zake zinaota masizi.

Mengine ya kuangalia kwenye NRE ni betri, maana nyingi zina mfumo wa kuzima injini gari likisimama, na mfumo huo unataka betri ya aina yake iliyo ghali kuliko ya kawaida. Watu wanaweka ya kawaida halafu wanashangaa haimalizi mwaka. Gia boksi siyo tofauti ya kuhesabu: NZE na NRE unazoziona yadini karibu zote ni CVT, na zote mbili zinataka oili yake ya CVT, isiwe ile ya gia za otomatiki za kawaida aliyobaki nayo fundi.

Mwinuko, na petroli

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza hapo takriban asilimia 17 ya pumzi yake, na ukifika Timboroa, juu ya mita 2,700, robo imeenda. 1NZ na 2NR zinapoteza sawasawa, kwa hiyo usichague kwa hilo. Ukilisikia gari likilia kwenye mlima wa Sachangwan, si ugonjwa. Kama wewe kazi yako ni Nakuru–Eldoret ukiwa na mzigo kila siku, hapo injini ndogo yenye turbo ina faida ya kweli, kwa sababu turbo inarudisha hewa iliyopungua. Faida hiyo inakuja na gharama zake.

Petroli ndipo 2NR inapojilipia, kama unatembea. Tuseme NZE inakupa kilomita 13 kwa lita na NRE 16, na lita ni shilingi 185. Mtu wa kilomita 1,500 kwa mwezi anaokoa karibu lita 21 na nusu, yaani takriban elfu nne. Kwa mwaka, hiyo ni karibu elfu 48. Mtu wa kilomita 400 anaokoa kama elfu moja kwa mwezi, na fedha hiyo inaweza kumezwa yote na oili nzuri na betri. Weka namba zako mwenyewe, za barabara yako. Ila hesabu usiikwepe, kwa sababu wengi wanaonunua NRE "kwa ajili ya mafuta" hawaendi mbali kiasi cha kuyafaidi.

Neno kwa watu wa dizeli na Subaru

Kwa dizeli, pengo kati ya zamani na mpya ni kubwa kuliko la petroli. Hiace yenye injini iitwayo 5L ilikuwa na pampu ya kimakanika na pumzi ya kawaida, bila turbo. Ilikuwa inapanda kuelekea Kericho kwa kujikokota, lakini fundi wa kituo chochote aliifungua. Injini ya 1KD ikaja na turbo na nozeli za presha kubwa zinazotawaliwa na kompyuta. Nozeli ikianza kuvuja na ukaendelea kukanyaga, pistoni inapasuka. 1GD ya 2015 imeongezewa, kwa masoko mengi, chujio la masizi kwenye ekzosi, yaani DPF. Chujio hilo linajisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa na joto la safari ndefu. Safari fupi za mjini zinalijaza. Siyo uvumi wa gereji: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua dhidi ya Toyota ya huko juu ya DPF za magari yake, kesi iliyogusa Hilux, Prado na Fortuner. Dizeli yetu haina kisingizio tena, maana salfa ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015. Hatari iliyobaki ni mwendo wako. Nakuru–Kisumu kila siku, chujio litaishi. Lanet hadi mjini na kurudi, nunua dizeli isiyo nalo au nunua petroli.

Subaru nitasema kwa ufupi kwa sababu wapenzi wake hawashauriki. FB iliondoa mkanda wa taimingi ikaweka cheni, jambo jema. FB za miaka ya mwanzo zilikuwa na sifa ya kula oili. EJ nayo ina mkanda wa kubadilishwa kwa ratiba, na EJ25 inajulikana kwa gasketi ya silinda hedi. Ukichagua EJ, risiti ya mkanda ndiyo iwe ya kwanza kuomba.

Nani achukue ipi

Dereva wa teksi ya programu au mtu wa mauzo anayezunguka Nakuru, Kericho, Kisumu na kurudi wiki nzima: 2NR, bila kusita. Kilomita zako zinailipa, na safari ndefu ndizo zinazoipenda. Weka oili kamili ya sintetiki ya kipimo kilichoandikwa kitabuni, imwage kila kilomita 5,000 hadi 7,000 hata kama kopo linaahidi elfu kumi, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili EGR ifunguliwe isafishwe kabla haijalalamika.

Mtu wa Molo au Olenguruone, ambaye fundi aliye karibu ana spana na uzoefu lakini hana mashine ya kusoma kompyuta: 1NZ, na afadhali iwe ya Probox iliyoagizwa kuliko ya Fielder iliyochoka. Si kwa sababu 2NR itamfia. Itakapowasha taa, atalipa nauli ya gari kuvutwa hadi mjini ili tu aambiwe tatizo ni nini.

Familia ya mjini yenye safari fupi na gari linalolala sana ndiyo inayonipa shida kuishauri. Safari fupi ni mbaya kwa EGR, lakini NZE zilizobaki sokoni zimezeeka. Hapo ningeangalia hali ya gari lenyewe na kuisahau herufi. NRE yenye karatasi za mnada zinazoaminika, na mwenye nidhamu ya kulipeleka gari barabara kuu mara moja kwa wiki, hata Gilgil na kurudi, inamfaa. Asiye na nidhamu hiyo atafute NZE ya mwenye mmoja.

Na ambaye hajawahi kumwaga oili kwa wakati katika maisha yake, na anajijua: anunue 1NZ. Itamvumilia muda mrefu kidogo kabla haijamwadhibu.

Kuhusu bei: mwenye yadi atakuambia NZE ni ghali kwa kuwa "hizi haziji tena." Anasema kweli, ila hapo unalipia sifa ya injini, na hali ya hiyo iliyo mbele yako haijaguswa. Mwombe uje asubuhi kabla haijawashwa. Vuta kijiti cha oili, uangalie kiwango na rangi. Mtu mmoja asimame nyuma ya ekzosi wakati mwingine anawasha: moshi wa buluu wa sekunde chache za kwanza ni oili iliyoshuka usiku kupitia ringi au sili za valvu. Iache ingurume dakika kumi na tano feni ikijiwasha na kuzima, kisha itoe hadi Free Area urudi, uvute kijiti tena. Yadi ikikuambia gari "limeshapashwa moto ili lisikusumbue," rudi kesho yake mapema zaidi.